Mtumiaji wa Kawaida wa Taifa

Nchi ninayoisimulia haipo. Wanaoishi ndani yake wameagizwa waseme hivyo, nami natii.

Ni nchi nzuri. Ina mvua za vuli, mvua za masika, na hotuba wakati wote. Watu wake wana adabu. Hawaanzi neno bila salamu, na hawaingii kwa mtu bila kuita hodi. Huita mara ya kwanza, wakasikiliza. Wasipojibiwa huita mara ya pili, sauti ikipanda kidogo, maana huenda mwenyeji yuko jikoni. Wasipojibiwa huita mara ya tatu. Baada ya hapo huondoka zao, na hakuna wa kuwalaumu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hivyo ndivyo tulivyoingia matatani siku Serikali ilipotuletea Sikivu.

Sikivu ni mashine. Iliwekwa katika kila kata, ndani ya kibanda cha mabati kilichopakwa rangi za bendera. Ina kioo cheusi na vitufe vya herufi. Mwananchi anaandika amri, kwa mfano *leta mbolea*, anabonyeza kitufe kikubwa cha pembeni, na Serikali inatekeleza. Siku ya kwanza Waziri wa Miongozo, Mheshimiwa Nakapalata, alipanda jukwaani akiwa amevaa koti zito, ingawa jua lilikuwa linakaanga mabati.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kuanzia leo hakuna karani wa kuwaambia njooni kesho! Hakuna dirisha la kufungwa mbele ya pua zenu! Mtaamuru, na mtatekelezewa! Mmeona wapi nchi ambayo mwananchi anaamuru na Serikali inatii?"

Hatukuwa tumeona. Tukapiga makofi.

Jambo moja Mheshimiwa hakuligusia, labda kwa sababu ya joto la koti. Sikivu haijibu. Ikipokea amri na kuitekeleza, inanyamaza. Haiandiki "sawa", haiandiki "nimesikia", hata kikohozi haitoi. Wataalamu walioiunda waliona kwamba majibu yanapoteza muda wa taifa.

Basi watu wakaenda vibandani. Wakaandika, wakabonyeza, wakasikiliza. Kimya. Wakaandika tena. Kimya. Wakaandika mara ya tatu, wakaondoka zao kwa adabu.

Kata moja iliomba kisima. Wachimbaji walikuja wakachimba, wakaondoka, wakarudi wakachimba palepale, wakaondoka, wakarudi tena. Leo kata hiyo ina visima vitatu, kimoja ndani ya kingine, na kamba ya kufikia maji bado haijatengenezwa. Bwana mmoja alisajili ndoa yake, akajikuta na wake watatu wenye jina moja na sura moja. Ofisi ya Ustawi ilimfuatilia kuhakikisha anawatendea sawa, ikabidi kila sikukuu amnunulie mkewe doti tatu za khanga. Mkewe hakulalamika. Mwingine alisajili kifo cha baba yake, akatakiwa kumzika mara tatu. Mtendaji wa kata alihudhuria mazishi yote, akala pilau zote, na katika mazishi ya tatu alilia kuliko mwanzo, kwa sababu, alisema, familia hii imeandamwa.

Serikali iliunda tume. Tume ilikaa hotelini mpaka ikagundua kwamba mashine haina kosa. Mashine ilitekeleza ilichoambiwa, mara zote ilizoambiwa. Wenye kosa ni watumiaji. Na kwa kuwa watumiaji hawawezi kubadilishwa mara moja, ikaamuliwa ubadilishwe mwongozo.

*

Mama yangu, Bi Somoe, alikuwa na miguu mibaya. Mvua zikianza ilivimba mpaka kandambili zikakataa kuingia. Wilaya ya jirani ilikuwa na hospitali, lakini hospitali hiyo ilitibu wakazi wa wilaya hiyo tu. Mama akaamua kuhamia huko, nami nimfuate akishapata chumba.

Amri ya kuhama ni *sogeza*, halafu jina. Inamsogeza mtu wilaya moja kuelekea jua linakochomoza, kwa sababu wataalamu walisema maendeleo yako upande huo.

Nilisimama nyuma yake kibandani, nimemshikia fimbo. Mama alizitafuta herufi kwa kidole kimoja, akiziita kama anaita kuku.

"Wewe s, njoo. Na wewe o, umejificha wapi? Haya, tumeonana."

Akabonyeza. Tukangoja. Kioo kikabaki cheusi.

"Hajasikia," mama akasema.

"Labda ana kazi."

"Basi tumwite tena, mwanangu. Hatujafukuzwa."

Akaandika mara ya pili, safari hii akibonyeza kwa nguvu. Akaandika mara ya tatu. Kisha akanyoosha mkono nimpe fimbo. "Twende zetu, Sikudhani. Wenyewe hawapo."

Asubuhi walikuja wapagazi wa Idara ya Kusogeza, wanaume wanne wenye adabu sana. Walimbeba na kitanda chake, kwa kuwa kanuni inasema mgonjwa na kitanda ni kitu kimoja. Yaliyofuata nilisimuliwa na mpagazi wa mbele. Walimfikisha wilaya ya jirani, wakakishusha kitanda mbele ya geti la hospitali. Mama akawashukuru, akaanza kupapasa chini atafute kandambili. Wakamnyanyua tena. Hiyo ilikuwa amri ya pili. Mama akauliza, "Wanangu, mbona mmenionyesha hospitali kama mtoto anayeonyeshwa peremende?" Wakamfikisha wilaya inayofuata, wakashusha, wakanyanyua. Amri ya tatu ilimwacha Chumvini.

Chumvini ni wilaya nyeupe. Haina mti, haina duka, haina hospitali. Wakati huo ilikuwa na chumvi na kibao kimoja kilichoandikwa *Karibu*.

Kwenda kumchukua sikuweza. Sheria inakataza mtu kuwa mahali ambapo Sikivu haijamweka. Kumfuata kwa amri ningeweza, lakini tungekuwa wawili kwenye chumvi na miguu ingebaki vilevile. Nilitaka arudi. Na watu wa sokoni walisema kuna amri ya kurudisha watu, inaitwa *rudisha*, itaelezwa ndani ya mwongozo mpya unaoandikwa mji mkuu.

Nikabaki peke yangu nyumbani. Mwanzoni nilidhani majirani wana shughuli. Jioni nilisikia nyayo zao, zikifika mlangoni zinapungua, kisha zinapita. Siku moja nilimwahi Bi Mkejina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akiwa anaanua nguo.

"Shikamoo, bibi. Mbona siku hizi hupiti kwetu?"

"Marahaba, mwanangu. Ningepita, Mungu anajua." Akatazama huku na huku. "Lakini Sikivu inasema nyumba hiyo haina mtu. Mwenye nyumba kahamishwa. Sasa mimi nikisimama napiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, si watasema nimerukwa na akili?"

"Lakini mimi nimo, bibi."

"Najua umo. Jana nimekusikia unakohoa, nikasikitika sana." Akanipa kipande cha muhogo kupitia uwazi wa ukuta, upesi, akaingia ndani.

Ndivyo nilivyojua kwamba mtu anaweza kukaa mahali bila kuwepo. Nilizoea kuongea na sufuria. Baadaye nikaacha, kwa sababu sufuria nalo lina tabia za Sikivu.

*

Redio ikatangaza kwamba Wizara ya Miongozo inamtafuta Mtumiaji wa Kawaida wa Taifa. Mwongozo mpya ulihitaji mtu wa kuujaribu, naye awe kama wananchi wenyewe. Atakayefanikiwa, redio ikasema, ndiye atakayetoa amri ya kwanza siku mwongozo utakapozinduliwa, amri yoyote aitakayo. Nikafunga kitenge kiunoni nikaenda mji mkuu, maana waombaji walipewa ruhusa ya kusafiri.

Aliyenihoji alikuwa Bwana Namtumba, Mwandishi Mkuu wa Mwongozo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Pembeni yake alikaa Mheshimiwa Nakapalata mwenyewe.

"Umesoma mpaka wapi, binti?" Bwana Namtumba aliuliza.

"Darasa la tano."

"Kwa nini hukuendelea?"

"Mama aliumwa."

"Safi kabisa," akasema Mheshimiwa.

"Umewahi kutumia mashine yoyote?"

"Cherehani."

"Ilikuwa inakujibu?"

"Ilikuwa inalia kidogo."

Wakatazamana kwa wasiwasi. "Hilo tutalisamehe," Mheshimiwa akasema. "Waliotangulia walikuwa hatari zaidi. Mmoja alianza kuelewa wakati wa mahojiano."

Nikaapishwa. Niliinua mkono nikasema: "Naapa kutoelewa zaidi ya inavyotakiwa." Kisha Mheshimiwa akanifafanulia kazi. Mwongozo utakamilika siku Mtumiaji wa Kawaida atakapoacha kukosea. Lakini Mtumiaji wa Kawaida akiacha kukosea, si wa kawaida tena, ataondolewa aletwe mwingine.

Nilikuwa na swali. Lilibaki kooni, mahali yanapokaa maswali yangu mengi.

*

Walinipa chumba chenye Sikivu, meza, na mlinzi mlangoni aitwaye Afande Selemba. Ilikatazwa mtu yeyote kuongea nami, nisije nikafundishwa. Asubuhi nilimwambia Afande shikamoo. Alikunja uso kama mtu anayezuia chafya. Marahaba nayo ni taarifa.

Kazi ilikuwa hivi. Toleo la mwongozo linapitishwa chini ya mlango. Nalisoma, halafu naandika amri ya majaribio, *leta kiti*. Sikivu yenyewe ilikuwa ya kweli, kwa sababu Serikali haiigizi. Wao wanatazama kupitia tundu waone nitakosea au la.

Toleo la kwanza lilikuwa na maneno machache: *Andika amri. Bonyeza kitufe. Asante.* Nikaandika, nikabonyeza, nikasikiliza. Nikarudia, nikarudia. Viti vitatu vikaletwa.

Toleo la pili liliongezwa neno *ONYO: Usikosee*. Viti vitatu. La tatu liliandikwa *ONYO KALI*. Viti vitatu. La nne lilikuwa na dibaji ya Mheshimiwa, na utangulizi wa dibaji, na shukrani kwa waliosaidia kwenye utangulizi. Amri zilianza karibu na jalada la nyuma. Kisha ikasemwa wananchi wanaelewa picha zaidi kuliko maneno. Toleo lile nalikumbuka. Kulikuwa na mraba mweusi, chini yake maandishi: *Mchoro wa Kwanza: Sikivu kabla ya kutekeleza amri*. Ukifungua ukurasa wa pili kulikuwa na mraba mweusi uleule: *Mchoro wa Pili: Sikivu baada ya kutekeleza amri*. Niliilinganisha michoro hiyo muda mrefu, nikiigeuza kwenye mwanga.

Mtu ambaye mama yake amebebwa na kitanda hahitaji kuambiwa maana ya kimya kile. Nilikwishajua. Lakini nikionekana najua nitaondolewa, na amri yangu ya kwanza atapewa mwingine, ambaye mama yake yuko nyumbani anapika. Kwa hiyo nilikosea kwa uaminifu. Nilitega sikio kwenye kioo, nikatikisa kichwa, nikarudia.

Viti vikajaa. Vilikuwa viti vizuri vya mbao, na migongo yao yote ilitazama ukuta kwa sababu wabebaji walikuwa na haraka. Nikavigeuza kimoja kimoja vitazamane, kama watu waliofika msibani kabla ya chai. Kila siku nilikalia kingine ili pasiwe na kinachojiona kimetengwa. Wakati mwingine, nikiingia, nilijikuta nimesema "Hamjambo." Hata nyumbani sikuwahi kukaa na wengi hivyo.

Mheshimiwa alipokuja ukaguzi, alisimama mlangoni akashangaa. "Wageni gani wanategemewa humu?"

Hakuna aliyemjibu, maana nilikuwa mimi tu ndani, na mimi sikuruhusiwa kuongeleshwa. Akaagiza viorodheshwe kama mafanikio.

*

Siku moja Bwana Namtumba aliingia na toleo jipya mkononi, badala ya kulisukuma chini ya mlango. Alikuwa amechoka. Alikaa, akakigeukia kiti kilichokuwa mbele yake, mimi nikiwa pembeni.

"Mheshimiwa Kiti," akasema, "habari za tangu juzi?"

Sheria ilikataza kuongea nami. Kuhusu viti haikusema kitu. Kilikuwa kipindi kirefu sijasikia sauti ikiulizia habari, na machozi yalinitoka kabla sijajua yanatoka wapi. Nikageukia kiti cha jirani yangu.

"Nzuri," nikakiambia. "Kiti, muulize kwa nini asiandike tu: ikinyamaza imesikia, usirudie."

Bwana Namtumba alicheka kidogo, akafuta miwani. "Mheshimiwa Kiti, unadhani hatujui? Jengo zima linajua. Mfagizi anajua. Afande hapo nje anajua. Sentensi hiyo niliiandika mimi, kwenye toleo la mwanzo kabisa. Ikarudi imepigwa mstari mwekundu."

"Kiti, muulize ilikosa nini."

Akapunguza sauti, kiti kikawa kama kimesogea kusikiliza. "Ikose nini? Ilikuwa ya kweli. Lakini fikiria, Kiti. Mwananchi akisoma kwamba mashine ya Serikali ikinyamaza imekubali, usiku atalala, asubuhi atajiuliza: na mimi ninaponyamaza? Mheshimiwa anasema wananchi wote wanaikubali Serikali. Ushahidi wake ni upi? Kwamba hawasemi kitu. Kwa hiyo tunaandika kila kitu kasoro hicho kimoja."

 Nje Afande Selemba alipiga chafya ya kweli.

"Mimi nina mke," Bwana Namtumba akakiambia kiti. "Siku hizi nikirudi nyumbani naye ananyamaza. Sijui ni kimya cha namna gani."

Nilitaka kumfariji, lakini sikujua kiti kingesema nini. Nikauliza langu. "Kiti, muulize kuhusu *rudisha*. Ni kweli imo? Siku ya uzinduzi, nikimrudisha mama, atarudi?"

Bwana Namtumba alinyamaza. Alinyamaza kwa muda, akakitazama kile kiti, akasimama, akatoka. Nami, kwa kuwa nilishafunzwa, nikaona amekubali.

Aliliacha toleo alilokuja nalo. Nikalisoma. Ndani yake *rudisha* ilikuwa na ukurasa wake wenyewe, wenye pambo la maua pembeni. Nilichokuwa nakingoja kilikuwa kimefika, basi nikaandika *leta kiti* mara moja, nikabonyeza, nikakunja mikono. Kulikuwa na vifijo nyuma ya tundu. Mtumiaji wa Kawaida ameacha kukosea. Na kabla hawajakumbuka kuniondoa, tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa redioni, na redio haikosei.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanja mkubwa wa mji mkuu. Walikuja watu wa kila kata. Viti vya wageni waalikwa vilikuwa vyangu. Kwa mara ya kwanza niliviona vimekaliwa, nikaona aibu, kama mtu anayewaona ndugu zake wamevaa nguo za watu wengine.

Sikivu ilikuwa katikati ya jukwaa. Chini yake, kwenye kivuli, wapagazi wa Idara ya Kusogeza walikuwa wanacheza drafti. Wao walikuwa na kengele kiunoni. Amri ya kumhamisha mtu ikipita, kengele inagonga, wanasimama.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa Nakapalata alinguruma kwenye kipaza sauti. "Mwongozo huu ni mnene! Ni mzito! Nimeubeba mwenyewe kutoka kwenye gari na mgongo unajua! Tulisikia kilio chenu! Mlikosea, nasi hatukuwacheka, angalau si hadharani! Leo mbele yenu yuko Mtumiaji wa Kawaida, binti ambaye hajui lolote, na kwa mwongozo huu tu ataamuru bila kosa! Binti, amuru utakacho!"

 Watu wengi vile sikuwahi kusimama mbele yao. Nikafungua ukurasa wenye maua. *Andika rudisha, kisha jina. Mhusika atarejea kwa wakati muafaka.* Nikatafuta herufi moja moja, kama mama. Nikaandika *rudisha Somoe*. Nikabonyeza mara moja, nikarudi nyuma.

Kimya.

"Mmeona!" Mheshimiwa akapaza sauti. "Mara moja tu!" Uwanja ukalipuka kwa makofi na vigelegele.

Mimi niliwatazama wapagazi. Mmoja alikula kete mbili za mwenzake, akajipiga paja. Kengele hazikugonga.

Nikamtazama Bwana Namtumba, aliyekuwa safu ya mbele. Aliinamia kiti kitupu kilichokuwa kando yake. Alinong'ona, lakini nilimsikia, maana nilizoea kusikia vitu vidogo.

"Nisamehe, Kiti. *Rudisha* haipo. Haijawahi kuwepo. Walisema mashine ya maendeleo haina kurudi nyuma. Neno tuliletewa kutoka juu tuliweke, watu wawe na matumaini."

"Mbona haijakataa?" nikauliza. "Imenyamaza."

"Isipoelewa nayo inanyamaza. Kimya chake ni kilekile."

Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Nilifikiria nyumba yetu, na nyayo zinazopunguza mwendo zikifika mlangoni. Nilifikiria Bi Mkejina na kipande chake cha muhogo. Halafu nilimfikiria mama, kule kweupe, amekaa kitandani anangoja mwanawe aliyeenda mji mkuu kujifunza namna ya kumrudisha. Nikarudi kwenye mashine.

Nikaandika *sogeza Sikudhani*. Nikabonyeza. Kengele zikagonga, wapagazi wakasimama na kete mikononi. Makofi yakapungua.

Nikaandika tena. Kengele.

Mheshimiwa akanikimbilia, koti likipepea, akasahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi mwake. "Binti, unafanya nini? Imeshasikia! Ikinyamaza imesikia! Usirudie! Ikinyamaza imekubali, wewe binti, imekubali!"

Spika zikaipeleka sauti yake uwanja mzima, ikagonga ukuta wa benki, ikarudi: *imekubali*.

Nikabonyeza mara ya tatu. Baada ya hapo palikuwa na utulivu ambao sijausikia tena. Mzee mmoja mwenye kanzu iliyochakaa alisimama katikati ya watu. Nadhani alikuwa yule aliyemzika baba yake mara tatu.

"Kumbe mlikuwa mnajua," akasema. Hakupiga kelele. "Ikinyamaza imekubali. Na sisi je, Mheshimiwa? Sisi tukinyamaza huwa mnaandika nini?"

Mheshimiwa Nakapalata alifungua mdomo. Huyu ni mtu aliyewahi kuhutubia mvua ikinyesha, akahutubia na uwanja ukiwa mtupu. Akaufunga. Akanyamaza. Watu wakatazamana, maana walikuwa wameambiwa sasa hivi maana ya kimya.

Yaliyotokea baada ya hapo uwanjani siyajui vizuri. Nilikuwa nimeshanyanyuliwa. Nilisikia tu nyuma yangu kelele za watu wengi wakizungumza kwa pamoja, kama mvua inayoanzia mbali juu ya mabati.

*

Wapagazi walinibeba juu ya kiti, kimoja cha vile vyangu, kwa sababu kitanda sikuwa nacho. Kwa kuwa Sikivu ilinihesabu bado mkazi wa kwetu, tulifika kwanza kwenye geti la hospitali. Wakanishusha. Nikalitazama geti kwa niaba ya mama. Wakaninyanyua. Wilaya ya pili ilikuwa na upepo tu.

"Dada," mpagazi wa mbele akaniuliza tukiwa njiani, "wewe umekosea kweli, au umekusudia?"

"Kazi yangu ni kukosea," nikamjibu. Akacheka, akabadilisha bega.

Chumvini palikuwa pamebadilika. Waliorudia mara tatu walikuwa wengi kuliko Serikali ilivyohesabu. Wamekata matofali ya chumvi wakajenga nyumba, safu kwa safu, na nakala za mwongozo zilizopelekwa kwao kwa lori zimewekwa chini ya milango isigongwe na upepo. Kila upande nilisikia jambo nililokuwa nimelisahau: mtu anaita, mtu anaitikia. Huku hodi, kule karibu. Nilielekezwa na mwanamke aliyebeba ndoo. Alinisalimia kabla ya kuniuliza jina.

Redio nayo inafika huku. Inasema makosa ya watumiaji yamepungua sana nchini, na kwamba mwongozo umefaulu. Kuhusu siku ile ya uwanjani haijasema kitu bado. Tunaisikiliza ikinyamaza, kila mtu anaelewa lake.

Lakini siku hiyo sikusikiliza redio. Nilisimama mbele ya nyumba yenye pazia la gunia, na kando ya kizingiti palikuwa na kandambili zisizoingia mguuni. Nilivuta pumzi ya kutosha hodi tatu, kama nilivyolelewa. Nikaita ya kwanza.

Mbili zilizobaki ninazo mpaka leo.